Kiti cha Dereva Hakifunguliwi

Baba mkwe wangu alifia ndani ya gari lake, limesimama hapo hapo bomani, injini inanguruma. Mama mkwe alidhani amelala. Alimwekea chai kwenye dashibodi akaenda kukamua. Aliporudi chai ilikuwa imeshika utando. Wakamtoa, wakamzika, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekalia kile kiti cha dereva. Gari likakaa miaka chini ya kibanda cha mabati. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Cha mbele hawakukigusa. Hata kuku!

Nilipoolewa nikalikuta hivyo na sikuwa na neno nalo. Neno lilianza mume wangu alipoamua kulifufua, eti mtoto wetu wa kwanza aende kuwekwa wakfu kanisani kwa gari la babu yake. Kutoka kwetu hadi Tulia, liliko kanisa, ni mteremko na makorongo, na mimi ndiye ningekaa mbele na mtoto mapajani.

Injini ilikubali. Breki zikatengenezwa. Shida ikabaki sakafu. Mbuzi walikuwa wamelala chini ya lile gari miaka yote, na mkojo wao ukakila chuma kutoka chini. Chini ya kiti cha dereva ndiko kulikooza kabisa. Fundi wa kuchomelea alikuja kutoka Matinyani na mitungi yake ya gesi kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akachungulia, akasema kiti kitoke kwanza.

"Hicho hakitoki," mume wangu akasema.

"Sasa nichomelee nini, bwana? Hewa?"

"Zunguka tu hapo kando kando."

Nilidhani ni mzaha. Kumbe mama mkwe alishasema wazi: mzee hajashuka. Kilichotolewa ni mwili, kwa haraka, na hakuna aliyemwambia mwenyewe. Kwa desturi ya zamani, mjane hufungua mlango, akamkaribisha mumewe nyumbani kwenye chakula, ndipo kiti kiguswe. Lakini sisi tumeokoka. Mume wangu ni mzee wa kanisa, na hawezi kuruhusu mtu aongee na marehemu bomani mwake. Haya, kama huamini, si ufungue kiti? Aah, hapo pia hapana. Kumsemesha ni dhambi, kumwondoa wanaogopa. Basi wakaona heri sakafu iungwe na yeye akiwa amekaa.

Fundi akazungusha bati, akachomelea juu ya kutu, akapaka lami. Likapendeza. Wanaume walipoenda kunywa chai nikatandika gunia nikaingia chini ya gari na bisibisi. Sikupiga, nilisukuma tu, pale chini ya kiti. Ikazama hadi kwenye mpini, kutu ikanimwagikia usoni. Zile boliti za kiti hazikuwa zimeshika kitu. Zilikuwa zimesimama kwenye lami.

Nikiwa nimelala chali hivyo, nikasikia springi za kiti zikilia juu yangu. Zililia polepole, vile zinavyolia mtu mzito akihama kutoka tako moja hadi lingine. Sakafu ikashuka kidogo, ikanikaribia puani. Nikageuza kichwa nione miguu ya nani imesimama kando ya gari.

Hakukuwa na miguu.

Nilitoka huko na hasira. Hofu ilinifikia baadaye.

"Baba mtoto, ukikanyaga breki kwenye ule mteremko, hicho kiti kitang'oka. Wewe utalala nyuma miguu juu. Usukani niushike na meno? Na mtoto je?"

Akacheka mbele ya fundi. "Si wewe ulisoma fizikia? Tengeneza basi." Halafu akashusha sauti. "Na ulikuwa unafanya nini chini ya kiti cha baba? Huna haya?"

Kwetu mke wa mwana hakalii kiti cha baba mkwe. Sawa. Sikukikalia. Nilikitoboa.

Nikaenda jikoni, mtoto mgongoni. Mama mkwe alikuwa anachambua mbaazi.

"Mwaitu," nikamwambia, "mwambie ashuke."

"Mume wako anasema ni dhambi."

"Mume wangu ni wa kuendesha. Wa kubebwa ni huyu." Nikamgeuzia mgongo amwangalie mjukuu wake vizuri.

Akachambua mbaazi zilizobaki. Kisha akainuka, akaweka sufuria ya mahindi ya kukobolewa na mbaazi motoni. "Hapendi muthokoi baridi," akasema.

Ilikuwa mchana, jua la utosini. Alifungua mlango wa dereva, wala hakupaza sauti. "Mzee, tumefika. Shuka, chakula kinapoa."

Upande ule wa gari ukainuka. Ulipanda taratibu kama upana wa vidole, springi zikalia, zikanyamaza. Fundi akavua kofia. Mume wangu akaangalia viatu vyake. Mama mkwe akarudi nyumbani pole pole, akitembea pembeni mwa njia, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.

Boliti zilitoka kwa vidole, spana haikuhitajika. Nikasimama hapo hapo hadi mwisho. Fundi alikata uozo wote mpaka akafika kwenye chuma kinachong'aa, akaweka bati nene, chini yake akapitisha chuma cha kona hadi ukingoni mwa gari, na nati akazichomelea kwenye hicho chuma.

"Mama, hapa sasa hata ufunge fahali," akaniambia.

"Ungefanya hivi mara ya kwanza, ningekupikia kuku."

Jumapili, katikati ya mteremko, mbuzi alikatiza. Mume wangu alikanyaga breki kwa mguu mzima. Biblia ikaruka hadi kwenye kioo, mtoto akalia, mimi nikajipiga goti. Kiti hakikusogea.

"Umeona?" akaniuliza. Mimi!

Kanisani akasimama akashuhudia jinsi Bwana alivyompa hekima ya kutengeneza gari. Nilimkumbatia mtoto nikauma meno. Mchungaji akauliza mbona nyanya wa mtoto hakuja siku kubwa kama hii.

"Ana homa," mume wangu akajibu, amesimama mbele ya madhabahu.

Hakuwa na homa. Asubuhi nilimkuta akipakua uji kwenye vikombe viwili, nikamhimiza avae tuondoke. Aliniangalia kama mtoto asiyejua adabu.

"Nimwache nani na yeye," akasema, "na ndiyo kwanza amefika?"