Baba wa Kupe

Wilondja alianza uinjinia wa kompyuta katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa kufungua redio zilizokufa. Kompyuta hatukuwa nazo. Tulikuwa na redio, na mtu mmoja aliyegawa unga. Mtu huyo alipunja kila familia, na kwa kuwa Kiswahili hakukijua, tulimwita Kupe. Alidhani ni cheo. Tukimwambia, "Shikamoo, Kupe," alijibu huku anacheka.

Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yetu siku zile. Humtukani mtu, unampa jina, analibeba mwenyewe. Watoto wetu wa Sydney hawalijui fumbo. Wakikasirika wanasema yote kwa Kiingereza, wazi kama msumari, na msumari ukionekana hung'olewa.

Mimi nilisoma kwa magazeti yaliyofungiwa sukari. Wilondja alisoma zaidi. Alipofika huku aliendesha foklifti kwenye maghala ya Port Botany, akasoma, akapata shahada ya uzamivu, akawa profesa wa chuo kikuu. Siku anapewa uprofesa nilivaa suti. Kwa miaka kumi alitengeneza chipu, ubongo mdogo wa kompyuta ambao mwanafunzi anaweza kuufuata hatua kwa hatua mpaka aelewe unavyofikiri. Alikuwa akiuita "mtoto wangu."

Ikaja korona. Wanafunzi wa nje wakazuiwa kuingia nchini, ada zikakosekana, chuo kikaanza kufukuza walimu. Mkuu wa kitivo, mzungu aitwaye Whitlock, alimwambia Wilondja kupitia skrini kwamba nafasi yake imefutwa. Chipu ingebaki. Kwa sheria yao, unachotengeneza kazini si chako. Hilo Wilondja alilijua. Lakini sheria haikumwambia Whitlock azunguke akisema ameitengeneza yeye.

Mwaka uliofuata Whitlock alimpigia simu. Wilondja, ambaye tumepakana nyumba hapa Guildford, akaja kwenye uzio wetu, barakoa iko kidevuni.

"Mzee Vénérand, yule mtu anataka jina."

"Jina la nini?"

"La mtoto wangu. Wanamzindua. Anataka jina la Kiafrika, la kuvutia."

"Basi mpe la baba yake mpya."

Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "La yule wa unga?"

"Kwani unamjua mwingine?"

Mkewe, Honorine, ambaye huuguza wazee, alitusikia kutoka jikoni kwao, akamkemea mumewe. "Baba Ketsia, wewe ni mtu wa kanisa."

"Kanisa limefungwa, mama," nikamjibu mimi.

Wilondja hakudanganya. Alipoulizwa maana alisema: ni mnyama mdogo sana, akishika haachii. Whitlock alipenda mno. Akaomba afundishwe kusema "Mimi ni baba wa Kupe," na akaomba mzee wa jamii alibariki jina siku ya uzinduzi. Mzee huyo nikawa mimi.

Uzinduzi ulifanyika Agosti, kwa Zoom. Huku kwetu polisi walikuwa wakizunguka mitaani kuhakikisha hatutoki, na helikopta juu ya paa, wakati matajiri wa upande wa fukwe wanatembeza mbwa. Honorine alikuwa amemlainisha mumewe.

"Mzee," Wilondja akaniambia asubuhi, "akinitaja leo, aseme ile kazi ni yangu, nitamweleza maana faraghani. Atabadilisha, hakuna atakayejua."

"Na asipokutaja?"

Akatazama chini. "Asiponitaja, bariki."

Whitlock akasema. Alishukuru serikali, alishukuru kitivo, alimshukuru mkewe aliyevumilia usiku wake mrefu wa kubuni. Mbwa wake akapita, akamshukuru na mbwa. Wilondja nilimwona kwenye kisanduku chake, amekaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa kanisani. Mwishoni Whitlock akasema, "Na rafiki yetu kutoka Afrika, aliyetupatia jina."

Basi. Wilondja akaikaribia kamera. "Mzee, karibu ubariki."

Nikasimama. Nikasema kwa Kiswahili, polepole: "Kupe, ushibe. Usikose ng'ombe wa kumng'ang'ania. Na popote uendapo, wakujue kwa jina lako."

Wilondja akatafsiri: mzee anakuombea upate chakula tele, na jina lako lijulikane kila mahali.

Watu wetu walikuwa wengi kwenye skrini, sauti zimezimwa. Gitau, dereva wa malori ya makontena, alijifunika uso kwa kofia. Kina mama walijiziba midomo kwa vitenge. Whitlock alidhani wanalia. Macho yake yakalowa, akaweka mkono kifuani, akasema kwa lafudhi yake, "Mimi ni baba wa Kupe."

Hata Honorine alitoka chumbani asionekane akicheka.

Sasa mji umefunguliwa. Wilondja anafundisha kwenye chuo kidogo cha ufundi, anashuka treni kituo cha Quakers Hill, na chipu yake hakurudishiwa wala hatarudishiwa. Lakini Whitlock amenunua kibao cha namba cha gari chenye neno moja: KUPE. Gitau humkuta barabarani. Humpigia honi, naye Whitlock hupunga mkono.

Honorine ananisihi nimpelekee Whitlock ujumbe wa maana ya jina, nimsamehe. Nimemwambia nitamsamehe. Kwanza kibao kichakae.