Kompyuta Iliyougua Mwaka wa Mbwa

Mwaka ule mbwa walishikwa na kichaa kuanzia Gede hadi Junju, nami nilikuwa karani wa kompyuta katika kliniki moja ndogo mjini Kilifi. Miaka ya themanini ilikuwa ikielekea ukingoni. Kwetu ni Barani, Malindi, na mama yangu hakuelewa hasa kazi yangu ni ipi. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe analinda sanduku la umeme lisipate joto. Hakuwa mbali na ukweli. Chumba changu pekee ndicho kilichokuwa na kipoza hewa, na wagonjwa waliokaa kwenye benchi nje walikwepa kuutazama mlango wake, wasizidi kuliona joto lao.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, lakini ndani yake mlikuwa na mifumo miwili. Mmoja, DOS, tuliutumia kwa barua na hesabu za dawa. Wa pili, Unix, uliwekwa na mtafiti aliyekuwa amesharudi kwao, na humo ndimo zilimokaa kumbukumbu za watu walioumwa na mbwa: jina, kijiji, na siku ya kurudi kwa sindano nyingine. Ukiwasha, programu ndogo iliyokaa mwanzo kabisa wa diski ilikuuliza wataka mfumo upi. Ukijibu, ilikufungulia.

Watu wa mashamba hawakurudi kwa urahisi. Kidonda kikifunga, mtu huona amepona. Kwa hivyo kila asubuhi nilichapisha majina ya waliofikiwa na siku yao, na muuguzi mkuu, mwanamke wa makamo kutoka bara ambaye sote tulimwita Sista, akaondoka na gari kuwafuata.

Asubuhi moja niliwasha, nisiulizwe kitu. Kioo kilibaki cheusi, kistari kimoja cheupe kikipepesa pembeni. Nikazima, nikawasha tena. Kistari ni kile kile. Sista alikuja akasimama mlangoni, nikamwomba anipe muda kidogo. Nilitia disketi yangu ya kuwashia, nikaiandika upya ile programu ya mwanzo wa diski, na swali likatokea. Majina yakachapishwa, gari likaondoka.

Kesho yake kioo kilikuwa cheusi tena. Nikatengeneza vile vile, na safari hii mashine haikufika adhuhuri. Kilichonitisha zaidi ni karani wa ofisi ya jirani, aliyekuwa ameazima disketi yangu. Alikuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama najua kwa nini mashine yao nayo haiwaki.

Niliomba simu ya Mombasa, kwa fundi aliyetufungia mashine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna mgeni aliyetia disketi yake kwetu. Nikamkumbuka mchuuzi wa programu, mtu mcheshi, aliyetuonyesha mchezo wa karata akaenda zake.

"Hivyo ni virusi," fundi alisema. "Vinakaa pale pale mashine inapoanzia kuamka. Disketi yoyote unayotia inaambukizwa, na hiyo unayotibia ndiyo inayoirudishia maradhi."

Neno hilo nilikuwa nimelizoea kwa wagonjwa tu. Niliiweka disketi mezani, nikapangusa vidole kwenye suruali.

Sista naye alikuwa amekaa chumba cha pili akijaribu kuwakumbuka watu wake kwa kichwa. Aliwakumbuka wengi. Mmoja tu ndiye aliyemsumbua, mgema wa Junju aliyeumwa shingoni. Jina lilikuwa limemtoka, na siku yake pia.

"Wa mguuni anaweza kungoja," aliniambia. "Wa shingoni yuko karibu na ubongo, hana muda."

Fundi alikuwa ameniagiza nitafute disketi ya asili, isiyokatwa pengo ubavuni, kwa sababu disketi kama hiyo mashine haiwezi kuiandikia chochote. Tena nisiiamshe mashine kwa kibodi. Nizime kabisa swichi ya ukutani, nisubiri, maana virusi hubaki katika kumbukumbu ya mashine maadamu umeme upo. Disketi niliipata kabatini, bado imo katika bahasha yake. Nilizima. Kipoza hewa nacho kikanyamaza, nikasikia mtu akikohoa kwenye benchi. Nilipowasha, niliufuta mwanzo wa diski, nikauandika upya, nikauonyesha tena Unix inaanzia wapi. Katikati ya kazi taa ilififia, ikarudi. Sikuondoa mkono.

Swali likaja. Niliyafungua majina. Siku ya mgema ilikuwa imeshapita.

Sista alikwenda Junju mchana ule ule, akamkuta mke wa mgema peke yake. Mume alikuwa amekwenda matangani upande wa Kaloleni, na hakusema atarudi lini. Sista aliacha ujumbe, akarudi kliniki.

Mgema alikuja mwenyewe baada ya siku mbili, leso shingoni, akatuamkia kwa adabu, akaketi. Alisema hana ugonjwa wowote, ila koo limemkauka kwa vumbi la njia. Sista alinitazama. Sote pale tulijua kwamba kichaa cha mbwa kikishajitokeza, mtu huanza kwa kuogopa maji, na hapo hakuna dawa tena. Sista alichota maji kwa kikombe, akampa.

Mgema alikishika mikono miwili, kisha akasita.

"Mbona mwanitazama hivyo?"

Sista alimwashiria anywe. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akaomba kingine. Sista aligeuka kuandaa sindano, nikaona ameegemeza kiganja ukutani.

Mashine ya jirani haikupona. Yetu ilipona, na mgema alimaliza sindano zake zote, ingawa Sista alinionya tusimhesabu kuwa salama mpaka miezi ipite, kwa kuwa ugonjwa ule hutembea polepole. Basi tukamngoja, bila kumwambia kwamba tunamngoja. Kila gari lilipotoka pande za Junju niliuliza habari zake. Mvua za masika zilipoanza, dereva mmoja alisema amemwona juu ya mnazi, anagema.