Na Udongo Wake

Nilipoolewa Nyamahanga, mama alinipa mche wa mgomba kutoka shambani kwake Ngara. Kwetu binti haendi kwa mume bila mgomba wa nyumbani. Nilipotaka kuikung'uta mizizi, akanikemea: "Acha udongo wake! Utaishije ugenini bila udongo wa kwao?"

Uliishi. Ulizaa, ukatoa machipukizi, nikajaza shamba. Kisha majani yakaanza kuwa ya njano kutoka pembeni, yakavunjika na kuning'inia kwenye shina. Hata pasipo upepo niliyasikia yakikwaruzana.

Mwaka huu akaja mtafiti. Alipasua shina, tukaona ndani nyuzi zenye rangi ya damu iliyoganda. Akasema ni kuvu ya mnyauko, nayo hukaa udongoni miaka mingi ikisubiri. Akaondoka na kipande.

Aliporudi alisema kuvu yangu, kwa vinasaba, haifanani kabisa na ya jirani ninayepakana naye. Inafanana na ya shamba moja la Nyantakara, na ya kilima kimoja huko Ngara.

"Una ndugu huko?" akauliza.

Nyantakara ameolewa dada yangu. Kilima kile ni kwa mama. Nani alimtuma kuusoma ukoo wangu ndani ya uozo?

Jana nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Migomba yangu inakufa, sijui imerogwa na nani. Lakini mche wa mdogo wako nimeshamchimbia. Amewasili nao kwa mumewe leo asubuhi, na udongo wake wote."