Madigadi ya Kilo Tatu

Siku yangu ya kwanza katika gereji ile ya Eldoret, fomani hakuniuliza cheti wala habari za matrela niliyokuwa nikitengeneza kabla ya hapo. Aling'oa boneti ya gari dogo jekundu la mashindano, akaniwekea juu ya vidole vyangu viwili. Ikakaa.

"Umeona? Hii si lori ya mahindi," akasema. "Nakupa miezi mitatu. Ukishindwa, rudi kwa matrela yako."

Gari lilikuwa la mkulima mmoja wa Plateau. Viti viwili, halina paa, alumini nyembamba juu ya mabomba membamba. Nilishaona vibanda vya kuku vyenye nguvu zaidi, lakini nililipenda siku hiyo hiyo.

Mwezi wa pili mwenye gari aligonga nguzo ya lango lake, madigadi ya kushoto, kifuniko cha gurudumu la mbele, ikapasuka. Mashindano ya Nakuru yalibakiza wiki mbili, na kuagiza spea ng'ambo zama hizo kulitaka kibali cha kusubiriwa miezi. Kazi nikapewa mimi. Nilikata mikebe ya maziwa ya alumini iliyotoboka. Alumini ikigongwa sana hukakamaa, kwa hivyo unaipaka sabuni ya mche na kuipitishia moto. Sabuni ikigeuka kahawia, imelainika, unaendelea kugonga.

Nilipomaliza, roho ikanisumbua. Nilifikiria ile nguzo, nikapigilia vyuma viwili kwa ndani. Fomani akaitundika madigadi kwenye mizani ya magunia.

"Kilo saba. Ya zamani ilikuwa tatu. Umebebesha huyu mtu gorogoro mbili za mahindi, kilo nne nzima."

"Nilitaka imlinde, fomani."

"Gari hii inajilinda kwa kuepa. Ikiwa nzito itaepa nini? Anza upya."

Nilianza upya, nikiwa na siku nne tu na hofu ya kurudi kwenye matrela. Ya pili ilitoka kilo tatu na robo. Fomani alichukua tupa, tukasugua kingo pamoja mpaka mizani ikasoma tatu.

Kule Nakuru gari la mbele lilizunguka katikati ya njia. Mkulima wetu akaliepa kwa upana wa kiganja. Nilikuwa nimefumba macho. Nilipoyafungua, fomani alikuwa ananitazama.

"Jumatatu njoo uchukue ovaroli yako," akasema.

Niliivaa mpaka nikastaafu. Miaka mingi baadaye gari liliuzwa, na mnunuzi akaleta gereji madigadi mpya kutoka ng'ambo.

"Hii yako si ya kiwandani, Mzee," akaniambia kwa upole.

Nilijua, lakini iliniuma, sifichi. Nikamwomba aniachie ile yangu. Sasa imetundikwa sebuleni kwangu mtaani Kapsoya, mahali wenzangu wanapotundika saa ya kustaafu. Fundi kijana akinitembelea na kuniuliza nilifanya nini maisha yangu yote, naiteremsha ukutani na kumwambia anyooshe vidole viwili.