Karanga za Mayu

Mimi na hasira zangu tunajulikana mtaa mzima wa Kambarage, kwa hiyo bwana afya alipokuja kuniambia unga wangu wa lishe umepimwa ukakutwa na sumukuvu, majirani walisogea kusikiliza. Nilimwakia. Nikamwambia unga huohuo ndio uji wa mwanangu kila asubuhi. Akanijibu kwa upole kwamba ndiyo maana wanapima. Nisiuze hata kijiko mpaka ijulikane kila kinachoingia humo kimetoka kwa nani na kimetunzwaje.

Mahindi na ulezi vilionekana safi. Zikabaki karanga, na karanga nachukua kwa Mayu, mama yangu mzazi, kijijini ng'ambo ya Kolandoto. Nilicheka. Mayu, ambaye hata sufuria safi anaisuuza tena kabla ya kupika! Nikampeleka bwana afya mwenyewe, nikitaka aaibike.

Mayu alifurahi kupata mgeni. Aliitikia shikamoo yake, akampa kigoda, akamwonyesha kazi yote bila kuficha. Alimimina karanga na maganda yake kwenye beseni, akazinyunyizia maji, akazifunika kwa gunia. Zikilala hivyo, alisema, ganda linalainika na vidole haviumi. Kwetu sote tunabangua hivyo. Nimekua nikifanya hivyo, wala haikuwahi kunijia kwamba ni jambo la kutajwa.

Bwana afya akamweleza taratibu kwamba unyevu ule ndio unaozaa kuvu, kwamba sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na ukiila miaka mingi inaharibu ini.

Laiti angeishia kwenye kuvu. Mdogo wetu, kitinda mimba wa Mayu, alikufa kwa ini, tumbo limemjaa maji, na Mayu ndiye aliyemnywesha uji wa karanga mpaka mwisho, maana hakuna kingine kilichopita kooni.

Mayu akakaa chini. Hakumuuliza mgeni, aliniuliza mimi.

"Ni mimi?"

Nikasema hapana. Bwana afya, nilipomtajia msiba wetu, akasema ini huharibiwa na mambo mengi, hakuna awezaye kujua. Alisema kweli, lakini Mayu aliendelea kuniangalia mimi.

Siku hizi anabangua kavu. Vipimo vinatoka safi, nami nauza. Nikienda kuchukua mzigo namkuta vidole vimechubuka, vinatoka damu. Nilimnunulia mashine ya mkono ya kubangulia. Ameisukumia uvunguni, hajaigusa, na mimi sina la kumfanya.