Malalia ya Mama Darasani

Mpaka leo nikikumbuka najifunika uso kwa mto, lakini acha niseme tu, maana walioniona wameshasimulia ofisi nzima na sina tena cha kuficha.

Tuna kundi la mtandaoni, watumishi wa umma wa huku Mwanza, tunafundishana kazi jioni kwa simu. Mimi ni mtunza kumbukumbu mdogo, kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa kutazama video, na siku hiyo mratibu wetu, Mama Neema, alinipa kipindi cha kufundisha kujumlisha kwenye majedwali ya kompyuta, akasema kikienda vizuri darasa la kila wiki litakuwa langu. Nililitaka lile darasa mpaka chakula hakipiti.

Basi nikaamua kuingia mapema ili nizoee. Kamera nikazima, maiki nikaamini nimezima (niliamini!), nikaanza mazoezi kwa sauti, kwa sababu mimi Msukuma wa Buswelu nikipata hofu R na L zinabadilishana viti mdomoni: "Ripoti, siyo lipoti. Rekebisha, siyo lekebisha. Robo mwaka, Kabula, siyo lobo!"

Mama akaita kutoka jikoni, "We Kabula, unagombana na nani? Umeshikwa na malalia?"

"Malaria, mama! Hao wakubwa wakisikia hivyo wataniona nimetoka machungani leo asubuhi!"

"Mbona ilipokushika hukuisahihisha?"

Nikacheka, nikageukia simu, nikakuta ujumbe wa Mama Neema: "Kabula, tunakusikia. Sote tumeshaingia." Nikabonyeza haraka nizime maiki, kumbe nimewasha kamera, na watumishi wote wakaniona na kitenge kifuani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama imeitwa kutoa ushahidi, na nyuma yangu mama na mwiko wake: "Ndio hao? Hamjambo wanangu?"

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutoka (ningesema mtandao umekata) niliposikia sauti ambayo hatukuwahi kuisikia humo, ya mzee Masanja, afisa kilimo anayekaa Buhongwa.

"Binti, usitoke."

"Shikamoo mzee," nikasema, machozi yako karibu.

"Marahaba. Mimi humu nasomaga tu, sisemi, naogopa mtanicheka. Leo nina swali. Lipoti yangu inakataa kujumlisha."

Akacheka mwenyewe, tukacheka wote, na nikamfundisha hivyo hivyo nusu msuko, na wengine wawili watatu ambao hawajawahi kufungua mdomo wakauliza. Nilisema "lobo mwaka" sijui mara ngapi, na namba za mzee zikakubali.

Darasa nimepewa. Nimeapa sitafanya tena mazoezi nikiwa ndani ya kikao, na maiki siku hizi naikagua mpaka nasahau salamu. Ila kila tukianza, kabla sijafika popote, mzee Masanja anauliza, "Mama yupo? Mwambie malalia imepona, tuendelee."