Kalibu za Mukagasana

Kila Desemba Trinah alikwenda Kagugu, kwa rafiki yake Mukagasana, watengeneze pamoja chokoleti za Noeli. Mukagasana alimpokea mlangoni akisema, “Kalibu, dada.” Trinah alikulia Bukoba, na Kiswahili kibovu kilimkera, kwa hiyo kila mwaka alimjibu yaleyale: “Kalibu ni hiyo unayomiminia chokoleti. Mgeni anaambiwa karibu.” Miaka tisa, na ulimi wa Mukagasana haukunyooka.

Agosti walimzika. Wiki hii mumewe alimletea Trinah kalibu zote, za nyota na za kengele, zimeoshwa na kufungwa kwenye kitenge. “Alisema zije kwako,” akamwambia, akaondoka.

Jumamosi Trinah akayeyusha chokoleti, akaimimina, akazigonga kalibu mezani mapovu yatoke, kama alivyofundishwa na marehemu. Hakulia. Alikuwa na hasira tu na mtu aliyekwenda zake bila kujifunza neno moja.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Jolly, rafiki yao wa tatu, amekuja kusaidia. Trinah akafungua mlango.

“Kalibu, dada,” akasema, na hakujisahihisha.